Jacques Pépin: maisha ya mpishi yanayosomeka katika mapishi yake

Jeannette Pépin alipokuwa ameolewa karibuni alitaka kumpikia mumewe sufle, chakula alichokipenda sana mume huyo na ambacho yeye hakuwahi kukipika. Rafiki yake akamtajia vinavyoingia: sosi nyeupe ya maziwa, jibini iliyokunwa, mayai. Jambo moja halikutajwa, nalo ndilo wapishi wa Kifaransa wanaloliona kuwa roho ya sufle: ute wa yai hutenganishwa na kiini, hupigwa peke yake mpaka uwe povu gumu, kisha hurudishwa ndani ya sosi taratibu ili povu lisivunjike. Jeannette hakuambiwa, hivyo hakufanya. Alivunja mayai mazima, akayapiga, akayachanganya na sosi na jibini, akamimina kwenye bakuli la kuokea na kuliingiza katika oveni. Sufle ikaumuka, familia ikaipenda, na nyumbani kwao ikaendelea kupikwa hivyo hivyo.

Kati ya watoto wake watatu wa kiume, wa pili ni Jacques, aliyezaliwa tarehe 18 Desemba 1935 katika mji wa Bourg-en-Bresse, kaskazini-mashariki ya Lyon, Ufaransa. Huyu ndiye aliyekuja kuwapikia viongozi wa serikali ya Ufaransa, akasimamia upishi wa kiwandani Marekani, akafundisha chuo kikuu, na kuandika vitabu zaidi ya 30. Pamoja na ujuzi wote huo, sufle ya mama yake aliichapisha kama ilivyokuwa, bila kuisahihisha.

Kwa nini hakuisahihisha? Jibu linahitaji kufungua fundo ambalo kila anayejifunza kupika hukutana nalo: maelekezo ya pishi yanabeba nini hasa, na kipi hakiwezi kuandikwa? Maisha ya Pépin yanafaa sana kulifungua, kwa sababu alipita karibu kila aina ya jiko lililokuwapo katika karne ya ishirini. Na katika kila jiko, pishi lilipokelewa na kupitishwa kwa njia tofauti.

Tuanze na hiyo sufle. Inaumuka hata bila povu kwa sababu sosi na mayai vina maji mengi. Joto likipanda, maji hugeuka mvuke, mvuke unasukuma kutafuta njia, na protini za yai zinaganda kuuzunguka kabla haujatoroka wote. Povu la ute huongeza hewa nyingi juu ya mvuke huo, ndiyo maana sufle ya kawaida hupanda juu zaidi na kuwa nyepesi. Ndiyo maana pia hunywea upesi ikitoka kwenye oveni. Ya Jeannette ina uzito kidogo, lakini ni mvumilivu: unaweza kuichanganya asubuhi na kuioka jioni. Kwa mwanamke mwenye watoto watatu na kazi nyingi, hiyo ni faida kubwa. Asiyejua sheria alifika mahali pazuri kwa njia nyingine, na mwanawe alikuwa na unyenyekevu wa kuona kwamba ni mahali pazuri.

Mayai ya mama

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika Ufaransa, baba yao, Jean-Victor, fundi wa samani, aliingia katika harakati za siri za kuwapinga Wajerumani. Jeannette akabaki na watoto na soko tupu. Alikuwa akipanda baiskeli kwenda mashambani kutafuta chakula, na majira ya kiangazi watoto walipelekwa kukaa kwa wakulima, ambako walau maziwa yalikuwapo. Vita vilipokwisha akafungua mgahawa, kisha mwingine, katika maeneo ya Lyon; unaojulikana zaidi ni Le Pélican. Hakuwa amesomea upishi popote. Lyon ilikuwa na desturi ndefu ya wanawake wa aina yake, wapishi walioheshimiwa kwa jina la "mama", na kinara wao alikuwa Eugénie Brazier, ambaye mwaka 1933 migahawa yake miwili ilipewa nyota tatu tatu, daraja la juu kabisa la Michelin, mwongozo wa migahawa wa Ufaransa. Jeannette hakupata nyota. Alilisha wafanyakazi na familia kwa bei ya chini, na kwa bei ile hakuna kilichotupwa.

Pishi lake linalotajwa zaidi mwanawe amelipa jina lake: mayai ya Jeannette. Chukua mayai sita yaliyochemshwa yakawa magumu, yakate nusu nusu, toa viini. Ponda viini kwa uma pamoja na kitunguu saumu kilichokatwa kama kijiko cha chai, vijiko viwili vikubwa vya pasli iliyokatwakatwa (majani yanayofanana na giligilani), chumvi, pilipili manga, na maziwa vijiko viwili au vitatu ili mchanganyiko ulainike. Jaza tena kwenye ute, lakini bakiza kidogo, kama vijiko viwili au vitatu. Pasha mafuta katika kikaango, laza mayai upande uliojazwa ukiangalia chini, uache dakika 2 au 3 mpaka upande huo uwe na rangi ya dhahabu. Ule mchanganyiko uliobaki uutie haradali, siki kidogo, maji kidogo na mafuta, ukoroge mpaka uwe sosi, uimwage juu ya mayai au uitandaze chini yake.

Tazama mpangilio wake. Nyama haimo kabisa. Kikaango kinaligusa yai upande mmoja tu, na upande huo peke yake unatosha kubadilisha ladha yote, kwa sababu protini na sukari kidogo ya maziwa zikikauka juu ya chuma cha moto hutoa harufu ambayo yai la kuchemsha halina. Sosi inatokana na masalia ya kujazia. Mtu aliyebuni hivi alikuwa anafikiri kwa vidole na kwa mfuko wa pesa kwa wakati mmoja, na Pépin amesema mara nyingi kwamba hajawahi kuliona pishi hili mahali pengine.

Jiko lisilokuwa na maelekezo

Mwaka 1949, akiwa na miaka 13, Jacques aliacha shule akaingia kuwa mwanagenzi katika Grand Hôtel de l'Europe hapo hapo Bourg-en-Bresse. Mpishi mkuu aliitwa Lucien Jauget. Mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kukaribia moto kwa ajili ya kupika. Aliuwasha tu na kuutunza. Kazi yake ilikuwa kusugua sakafu, kunyonyoa kuku, kusafisha samaki, kumenya mboga, kubeba.

Na kuku wa mji ule si kuku wa kawaida. Kuku wa Bresse ana manyoya meupe, miguu ya rangi ya buluu na kishungi chekundu, rangi tatu za bendera ya Ufaransa, na tangu 1957 jina lake linalindwa kisheria: hufugwa nje nyasini, kisha hunoneshwa kwa nafaka na maziwa. Kijana aliyenyonyoa mamia ya kuku hao anajua ngozi, kiungo na mfupa wa ndege huyo kabla hajaulizwa swali lolote kuhusu sosi.

Katika jiko la Jauget hapakuwa na maelekezo ya kuandikwa. Mwanagenzi hakuelezwa sababu ya jambo. Akiuliza kwa nini, jibu lilikuwa kwamba ameambiwa afanye, basi. Kuku amekwiva? Mguse. Mafuta yamepata moto? Sikiliza. Siku moja, bila sherehe wala taarifa, aliambiwa kwamba kuanzia kesho atasimama jikoni mbele ya moto, na alipofika akakuta anajua. Alikuwa ameyaona mara nyingi kiasi kwamba mwili wake ulishajifunza.

Ni rahisi kuipamba njia hii, nami sitaki kuipamba. Ilikuwa kali, iliwatumikisha watoto, na ujuzi ulibaki mikononi mwa wachache walioweza kuvumilia. Wanawake hawakuingia katika majiko hayo ya hoteli hata kidogo. Mama yake Jacques, ambaye alipika kila siku, asingepewa nafasi ile. Lakini njia hii ilijua jambo moja ambalo kitabu hakikujua: mkono hujifunza kwa kurudia, na maneno yakitangulia mno humfanya mtu adhani anajua.

Wapishi karibu hamsini, ladha moja

Kutoka hapo akaenda Paris, na hatimaye akafanya kazi katika hoteli ya kifahari ya Plaza Athénée chini ya mpishi mkuu Lucien Diat. Huko alikutana na jiko la aina nyingine kabisa: wapishi karibu 50, kila mmoja na kituo chake, mmoja wa sosi, mmoja wa samaki, mmoja wa nyama za kuoka, mmoja wa vyakula vya baridi. Mfumo huu ulipangwa na mpishi Mfaransa Auguste Escoffier katika hoteli kubwa za London na Paris mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na kitabu chake cha mwaka 1903 ndicho kilichokuwa sheria ya majiko hayo. Escoffier alifariki Februari 1935, miezi kumi kabla Pépin hajazaliwa, lakini Plaza ya miaka ya 1950 ilikuwa bado inaishi katika kivuli chake.

Fahari ya nyumba ile ilikuwa sufle ya kamba-koche. Wapishi wale wote walitakiwa kuipika kwa namna moja, kiasi kwamba mlaji asiweze kutambua leo ni mkono wa nani. Pépin ameeleza kwamba wakati ule hakuna aliyefikiria kujieleza yeye binafsi kupitia sahani. Sifa ilikuwa kujificha ndani ya kanuni. Wapishi wengi wa sasa husikia hilo wakalihurumia. Mimi naona lilikuwa na heshima yake: mgeni aliyerudi baada ya miaka kumi alikikuta chakula chake, na kijana aliyepita pale alitoka na kipimo cha ubora ambacho hakikutegemea hisia zake za siku hiyo.

Jeshi lilipomwita, ujuzi wake ukampeleka kwenye majiko ya serikali. Huo ulikuwa mwisho wa Jamhuri ya Nne, mfumo wa utawala wa Ufaransa wa wakati ule; serikali zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine, na Pépin akajikuta amepikia viongozi watatu wa serikali ndani ya muda mfupi, wa mwisho akiwa Charles de Gaulle aliyerudi madarakani mwaka 1958. Mipango ya chakula cha familia aliizungumza na Bi. de Gaulle. Katika kipindi chote hicho hakuitwa ukumbini kupongezwa, wala gazeti halikumhoji. Mpishi alikuwa mtumishi wa nyuma, karibu na ngazi ya chini kabisa ya jamii.

Hili ni muhimu kwa kinachofuata. Mwaka 1959 alipanda meli iliyojaa wanafunzi kwenda Marekani, akikusudia kukaa mwaka mmoja au miwili. Akapata kazi Le Pavillon, mgahawa wa Henri Soulé uliozaliwa kutokana na banda la Ufaransa katika maonyesho ya dunia ya New York ya 1939, na wakati ule ndio ulioonekana kuwa kilele cha upishi wa Kifaransa nchini humo. Mpishi mkuu wake alikuwa Pierre Franey. Kisha kabla serikali ya Kennedy haijatulia, Pépin akapewa nafasi ya kuwa mpishi wa Ikulu ya Marekani. Akaikataa. Leo watu hushangaa, lakini yeye alishapikia wakuu wa nchi na alijua kazi hiyo haina jina. Nafasi ikaenda kwa Mfaransa mwingine, René Verdon, ambaye zama mpya za magazeti na televisheni zilimfanya maarufu.

Supu ya kombe kwa maelfu

Pépin alikwenda mahali ambapo wenzake wa Plaza wasingeelewa: Howard Johnson's, kampuni ya migahawa ya barabarani yenye mapaa ya rangi ya chungwa na aiskrimu za ladha 28. Mwenye kampuni alikuwa mteja wa kudumu wa Le Pavillon, akawachukua Franey na Pépin waboreshe chakula chake. Pépin akaanza kwa kukaanga baga katika mgahawa wao mmoja mtaa wa Queens Boulevard, ili ajue Wamarekani wanakula nini na jiko lao linakwendaje. Alikaa kampuni hiyo miaka kumi, na mimi naamini hiki ndicho kipindi kilichomfanya kuwa mwalimu, ingawa hadithi nyingi kumhusu hukipita haraka.

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya kawaida kabisa: siagi badala ya majarini, vitunguu vibichi badala ya vilivyokaushwa, viazi halisi. Kisha ikaja kazi ngumu, ya kupika mara moja chakula cha maelfu, kukigandisha, kukisafirisha, na kukitegemea kiwe kile kile kikifika mjini kwingine. Supu ya kombe, wanyama wadogo wa baharini wenye ganda, ni mfano mzuri. Nyumbani ni jambo dogo: mafuta ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi au siagi, vitunguu, viazi vya vipande, majani ya thimi, maji ya kombe, maziwa au krimu, kombe wenyewe mwishoni wasije wakawa kama mpira.

Sasa zidisha mara elfu. Maelekezo ya sufuria moja hayazidishwi kwa hesabu ya darasani. Sufuria ndogo hupoteza maji mengi kwa mvuke kulinganisha na ujazo wake. Pipa kubwa hupoteza kidogo, hivyo supu inabaki nyepesi. Vitunguu vilivyorundikana kina kirefu havikaangiki, vinachemka katika maji yake, na ladha ya kukaanga inapotea. Pipa huchukua muda mrefu kupata moto na muda mrefu zaidi kupoa, na katika muda huo wa uvuguvugu bakteria huzaliana, basi kupoza kunakuwa sehemu ya pishi yenye uzito sawa na kupika. Unga wa ngano uliotumika kuishikiza sosi ukigandishwa kisha ukayeyushwa huachia maji, sosi ikakatika. Ndipo Pépin alipolazimika kujifunza msamiati ambao Jauget hakuwahi kuutamka: idadi ya bakteria, uzito mahususi, kiwango cha unato. Kilichokuwa kinajulikana kwa kugusa kilibidi kipimwe kwa namba, kwa sababu atakayeipasha moto supu ile si mpishi wala hajamwona aliyeipika.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1960 mtu huyu mmoja alikuwa amebeba maana tatu za pishi zinazopingana. Kwa mama, pishi ni namna ya kupata chakula kwa ulichonacho. Kwa Jauget na Diat, ni desturi inayoingia mwilini. Kwa Howard Johnson's, ni fomula.

Wakati huo huo alikuwa anasoma. Alianza Chuo Kikuu cha Columbia kwa Kiingereza cha wageni, akaendelea mpaka shahada ya kwanza mwaka 1970 na ya uzamili katika fasihi ya Kifaransa mwaka 1972. Alipopendekeza tasnifu ya udaktari kuhusu historia ya chakula cha Ufaransa ndani ya fasihi na ustaarabu wake, akaambiwa mada hiyo haina uzito wa kitaaluma. Hakuimaliza. Baadaye yeye na Julia Child, mpishi maarufu wa televisheni Marekani, walikuwa miongoni mwa waliosimamisha masomo ya chakula katika Chuo Kikuu cha Boston, ambako amefundisha miaka mingi.

Ajali, na mikono kwenye picha

Mwaka 1970 alifungua La Potagerie, mgahawa wa supu katika mtaa wa Fifth Avenue, New York, na ungeweza kudhani njia yake imenyooka. Mwaka 1974 gari lake liligonga kulungu barabarani usiku. Alivunjika mifupa mingi, mgongo na nyonga vikiwemo, na mkono wake mmoja haukurudi kuwa kama zamani. Kusimama jikoni saa kumi na nne kwa siku hakukuwezekana tena. Mtu ambaye ujuzi wake wote ulikaa mwilini akapokonywa mwili ule.

Akageukia kufundisha, na mwaka 1976 ukatoka La Technique. Kitabu kile hakikufanana na vya wakati wake. Badala ya kuorodhesha vyakula, kilionyesha vitendo: jinsi ya kushika kisu, kumenya mboga ya Ulaya iitwayo artichoki, kutoa samaki mifupa, kukunja kimanda, hatua kwa hatua kwa mamia ya picha nyeusi na nyeupe. Mikono kwenye picha ni yake. Alichofanya ni kukichukua kile ambacho Jauget alikipitisha kimya kimya kwa watoto wachache wa Bresse na kukiweka wazi mbele ya yeyote mwenye bei ya kitabu. Tom Colicchio, mpishi wa Marekani, amesimulia kwamba alijifunza kazi kwa kitabu hicho akiwa kijana, bila shule ya upishi.

Kuku ndiye anayeonyesha vizuri zaidi mbinu yake. Kumtoa kuku mzima mifupa bila kumkata vipande huonekana kama uchawi, na Pépin humaliza kwa muda wa kama dakika moja. Ukipunguza mwendo, kisu kinafanya kazi ndogo mno. Ngozi inapasuliwa mstari mmoja mgongoni kutoka shingo hadi mkia. Kidole kinatafuta kiungo cha bega, ncha ya kisu inapita katikati ya kiungo, si juu ya mfupa. Upande wa pili vivyo hivyo. Kisha kisu kinawekwa pembeni na mikono inavuta: mzoga unatoka kwa mbele huku nyama ikibaki na ngozi. Kwenye paja kisu kinarudi, lakini kwa kukwaruza, nyama ikisukumwa kando ya mfupa. Anayekata sana ameshakosea, kwa kuwa mwili wa kuku umejigawa wenyewe na mpishi anatakiwa aijue mipaka hiyo. Ndani ya kuku huyo bapa unaweza kujaza mchicha na jibini, wali, nyama ya kusaga, chochote. Maelekezo ya kujazia yanabadilika kila wiki. Njia ya kidole kwenda kiungo cha bega haibadiliki.

Vivyo hivyo kimanda. Hupenda kuonyesha viwili kwa mayai na siagi ile ile. Cha kwanza, cha hotelini: mayai matatu yaliyopigwa kwa uma yanaingia kwenye siagi inayochemka, mkono mmoja unatikisa kikaango huku mwingine ukikoroga upesi kwa mgongo wa uma, ili mabonge yawe madogo kabisa, kikiwa bado na majimaji katikati kinakunjwa, kinapinduliwa, kinatoka cha manjano bila doa la kahawia, ndani laini kama krimu. Cha pili, cha kijijini: mayai yanaachwa yashike, yanavutwa kwa mabonge makubwa, chini yanapata rangi. Kwake hakuna kilicho bora kuliko kingine. Tofauti yote iko kwenye mwendo wa mkono na moto, na orodha ya vinavyohitajika isingekuonyesha tofauti yoyote.

Peasi ambazo hazifanani

Hapa ndipo fundo linapofunguka. Pépin amelieleza kwa pishi rahisi la peasi, tunda la nchi za baridi, lililookwa kwa karameli. Menya peasi, zikate nusu, nyunyizia sukari, tia siagi, weka kwenye oveni kali mpaka zilainike na sukari iwe ya kahawia, malizia na krimu. Sentensi moja. Lakini peasi mbivu sana zinalainika kwa dakika chache na kutoa maji mengi, basi lazima uzitoe na kuchemsha maji yake peke yake mpaka yawe karameli. Peasi ngumu zinaweza kuhitaji zaidi ya nusu saa, hazitoi maji, na sukari itaungua kabla hazijaiva usipoongeza maji. Aliyeandika "dakika 30" alikuwa mkweli kuhusu peasi zake za siku ile. Wewe una zako.

Kwa hiyo, anasema, maelekezo ni kumbukumbu ya tukio moja: jiko lile, hali ya hewa ile, tunda lile. Ili upate ladha ile ile inakupasa ufanye kwa namna tofauti kidogo. Ushauri wake kwa anayejifunza ni kulifuata pishi kwa uaminifu mara ya kwanza, kulisogeza kidogo mara ya pili na ya tatu, mpaka limekuwa lake. Anayeanza kwa kubadilisha hajui anabadilisha nini. Anayefuata neno kwa neno milele anampikia mwandishi, si wageni wake.

Wakati yeye na Julia Child walipofanya kipindi chao cha televisheni mwaka 1999, walipika bila maelekezo mbele ya kamera, na mapishi yakaandikwa baadaye kutokana na walichofanya. Walibishana hadharani, Julia akitaka pilipili nyeupe na Jacques nyeusi, kila mmoja akimpika kuku kwa namna yake. Kipindi hicho kilipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2001. Sababu ya watu kukipenda, nadhani, ni kwamba waliona watu wawili waliobobea wakifika mahali pazuri kwa njia mbili, na hakuna aliyefukuzwa jikoni.

Ndiyo maana sufle ya Jeannette haikusahihishwa. Aliyetawala mbinu ya kupiga ute anaweza kuamua kutoupiga, akijua atapata nini na atakosa nini.

Mwaka 2016 yeye, binti yake Claudine na mkwewe Rollie Wesen walianzisha taasisi yenye jina lake, inayosaidia majiko ya jamii kuwafundisha kazi watu waliotoka gerezani, wasio na makazi, na wanaojinasua kutoka katika ulevi wa dawa. Msisitizo ni kushika kisu, kukata kitunguu, kuchemsha mifupa kupata mchuzi, kupika yai, kugawa kuku. Mtu huyo hajui ataajiriwa kwenye jiko gani, la Kifaransa au la Kimeksiko, la hospitali au la shule, na orodha ya vyakula atapewa akifika. Mwaka 2020 korona ilipowafungia watu ndani, Pépin, akiwa na miaka 84, alianza kurekodi video fupi nyumbani kwake Connecticut. Alipika kwa kilichokuwa ndani ya jokofu: mboga zilizonyauka zilizokatwakatwa zikawa supu, mkate mkavu, mayai.